Kwa nini simu ya upepo hunyamaza usiku, na mitambo ya ardhini inayoipima ionosfia

SWALI: Mimi ni fundi katika zahanati iliyo nje kidogo ya Kigoma. Tunawasiliana na wenzetu wa Tabora kwa simu ya upepo kwenye megahertzi 7. Mchana sauti ni safi. Jioni nyingine, hasa Machi na Aprili, inatetemeka hadi maneno hayashikiki. Usiku wa manane kuelekea alfajiri ni kimya kabisa. Na mara chache hukatika mchana kweupe kwa nusu saa hivi, kisha hurudi yenyewe. Nimebadilisha antena na betri bila mafanikio. Nimesikia kuna mitambo inayorusha mawimbi juu ili kupima ionosfia. Inafanyaje kazi? Na kwa kuwa setilaiti zimejaa angani, kwa nini mitambo ya ardhini bado inahitajika?

JIBU: Ndugu fundi, kwa jinsi ulivyoeleza, iache antena ipumzike. Hitilafu yako iko kilomita mia kadhaa juu ya paa la zahanati, na wala si moja. Ni tatu, na kila moja ina chanzo chake, saa zake na dawa yake. Mtetemeko wa jioni na kimya cha alfajiri ni mambo mawili tofauti, na ule mkatiko wa mchana ni jambo jingine kabisa. Anayetegemea spika peke yake atapata shida kuzitenganisha. Mtambo unaotazama juu huzitenganisha kwa dakika chache, na hapo ndipo swali lako la kwanza na la pili yanapokutana.

Tuanze na kile kinachoirudisha sauti yako chini. Kuanzia kilomita 60 hivi kwenda juu, mionzi ya jua ya urujuanimno na ya eksirei huipiga hewa nyembamba na kung'oa elektroni kutoka kwenye atomi na molekuli. Eneo hilo lenye elektroni huru ndilo ionosfia. Hata penye elektroni nyingi zaidi, katika tabaka liitwalo F2, ambalo kilele chake huwa kati ya kilomita 250 na 400 hivi, chembe zilizopoteza elektroni hazifiki moja katika kila mia. Kidogo hicho kinatosha. Wimbi la redio likiingia humo, elektroni hutikisika nalo, na zikiwa nyingi vya kutosha wimbi hushindwa kusonga mbele, likageuka na kurudi. Hesabu yake haina ugumu: frikwensi inayorudishwa, kwa hertzi, ni takriban mara 9 ya kipeuo cha pili cha idadi ya elektroni katika mita moja ya ujazo. Ili megahertzi 7 zako zirudi zikipigwa wima, huko juu panatakiwa elektroni bilioni 600 hivi katika kila mita ya ujazo. Zikipungua, wimbi linatoboa na kwenda zake.

Mtambo unaopima hilo huitwa ionosondi, nayo ni rada iliyoelekezwa juu. Hurusha pigo fupi la mawimbi kwenye megahertzi 1, ikasikiliza mwangwi. Hupanda frikwensi kidogo, ikarusha tena, ikasikiliza tena, hivyo hivyo hadi megahertzi 20 hivi. Mwangwi uliotoka kilomita 300 hurudi baada ya milisekunde 2. Zoezi zima huchukua dakika chache au chini ya hapo, na vituo vingi hulirudia kila baada ya dakika 15, usiku na mchana.

Kwa macho, kituo chenyewe hakina makuu. Kwenye aina inayotumika sana leo, iitwayo Digisonde, kuna mlingoti wa mita 30 hivi wenye nyaya za kurushia zilizotandazwa kuelekea chini. Uwanjani kuna antena nne ndogo za kupokelea, tatu kwenye pembe za pembetatu yenye pande za mita 60 na ya nne katikati. Kuna chumba kidogo chenye kabati la mitambo. Ionosondi za zamani zilihitaji kilowati kadhaa. Hii inaridhika na wati 300, kwa sababu mapigo yake yamepangwa kwa mfumo maalumu unaoiwezesha kompyuta kuuchomoa mwangwi dhaifu katikati ya makelele ya redio nyingine. Zile antena nne hazikuwekwa kwa ajili ya kuongeza sauti. Kwa kulinganisha mwangwi unavyofika kwenye kila moja, mtambo hujua umetoka upande gani wa anga, na kama tabaka lenyewe linasogea.

Picha inayotoka huitwa ionogramu. Chini kuna frikwensi, pembeni kuna kimo. Chukua ya saa nne asubuhi, mahali palipo karibu na ikweta. Kushoto kabisa, chini ya megahertzi 2, hakuna kitu, kwa sababu tabaka la D, la chini kuliko yote, limeyanyonya mawimbi. Kisha mstari unaanza kwenye kilomita 110 hivi: hilo ni tabaka la E. Unakwenda karibu mlalo hadi megahertzi 3 na nusu, unapinda juu, unakatika, halafu unaanza upya kwenye kilomita 200. Sasa uko kwenye tabaka la F. Unaendelea kulia ukipanda polepole, na karibu na megahertzi 10 unasimama wima na kupotea. Pale uliposimama ndipo penye namba inayotafutwa kuliko zote, nayo huandikwa foF2: frikwensi ya juu kabisa ambayo tabaka la F2 linaweza kuirudisha ikipigwa wima.

Mgeni wa ionogramu hubabaishwa na mambo mawili. Kwanza, mistari ni miwili inayofuatana, kwa sababu uga sumaku wa dunia huligawa wimbi moja katika mawimbi mawili yenye ukomo tofauti kidogo. Katika sehemu zetu za dunia tofauti hiyo haifiki nusu megahertzi. Pili, kimo kinachosomwa si kimo halisi. Mtambo huhesabu kana kwamba pigo limekwenda kwa mwendo wa nuru safari nzima, ilhali ndani ya elektroni hupunguza mwendo, na likikaribia ukomo hutambaa. Mstari hupinda juu kwa sababu hiyo. Ili kupata kimo halisi, ionogramu yote hufumuliwa kihesabu kutoka chini kwenda juu. Zamani kusoma ionogramu kulikuwa kazi ya watu wenye macho yaliyozoea. Leo kuna programu kama ARTIST, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Massachusetts Lowell nchini Marekani, inayoimaliza kwa sekunde chache. Ni msaada mkubwa, lakini anga ya kitropiki huipotosha kwa urahisi. Mimi foF2 iliyosomwa na programu peke yake siitegemei kabla ya kuitazama ionogramu yenyewe, na ninawasisitizia vijana wanaoanza fani hii wafanye hivyo hivyo.

Sasa turudi Kigoma na matatizo yako matatu.

Kimya cha alfajiri ndicho chepesi kueleza. Kutoka kwako hadi Tabora ni takriban kilomita 350. Wimbi linapanda kwa mshazari, linarudishwa katikati ya njia, linashuka. Tabaka likiwa kwenye kilomita 300, mshazari huo huongeza ukomo kwa asilimia 16 hivi juu ya ule wa wima. Kwa hiyo megahertzi 7 zitafika Tabora iwapo foF2 katikati ya njia ni megahertzi 6 au zaidi. Mchana, upande wenu, kwa kawaida inavuka hapo bila shida. Jua likishazama, elektroni haziongezeki tena; zinaungana na ioni, yaani zile atomi na molekuli zilizong'olewa elektroni, na kupungua saa hadi saa, hadi kufikia kiwango cha chini kabisa muda mfupi kabla ya macheo. Wakati huo foF2 inaweza kuwa megahertzi 4, au 3. Zile 7 zako zinatoboa na kupotea, hata ungekuwa na mtambo wa kilowati nzima. Nguvu haisaidii kitu hapo. Kinachosaidia ni kushuka frikwensi.

Mtetemeko wa jioni ni habari nyingine, na hapa naomba uvumilivu kwa sababu ndipo anga yetu inapojitofautisha na ya Ulaya au Marekani. Ikweta ya sumaku, yaani mstari ambako uga sumaku wa dunia umelala sambamba na ardhi, haifuatani na ikweta ya ramani. Afrika Mashariki imepanda kaskazini hadi Ethiopia na kupita karibu na Addis Ababa. Mchana, umeme wa asili ulioko juu ya mstari huo huziinua elektroni, nazo huteleza kando kwa kufuata mistari ya uga sumaku, zikarundikana kaskazini na kusini, digrii 15 hivi kila upande. Kigoma iko takriban digrii 15 kusini ya ikweta ya sumaku. Mnaishi chini ya rundo hilo la kusini, moja ya sehemu zenye elektroni nyingi kuliko zote juu ya dunia hii.

Jua linapozama, umeme huo huongezeka kwa muda mfupi kabla ya kugeuka, na tabaka la F juu ya ikweta ya sumaku hupandishwa kwa kasi. Sehemu yake ya chini hufutika upesi kwa sababu jua halipo. Inabaki plazma nzito, yaani hewa iliyojaa elektroni huru na ioni, imekaa juu ya nafasi iliyo karibu tupu, kama maji yaliyomwagwa juu ya mafuta, na hali hiyo haidumu. Utupu hupenya juu kwa mapovu makubwa yenye upana wa makumi hadi mamia ya kilomita. Povu likipanda, hunyooka pia kufuata mistari ya uga sumaku, kaskazini na kusini. Mstari unaopita juu ya Kigoma kwenye kimo cha kilomita 300 hufika karibu kilomita 800 unapokuwa juu ya ikweta ya sumaku. Maana yake ni kwamba povu lisilopanda hadi kimo hicho halikufikii. Linaweza kuivuruga anga ya Addis Ababa usiku kucha nanyi msijue. Likipanda zaidi ya hapo, mkia wake unapita juu yenu, nao umejaa vipande vidogo vya plazma vinavyotawanya wimbi lako huku na huku. Wimbi linafika Tabora kwa njia nyingi kwa wakati mmoja, na ndiyo sauti inayotetemeka unayoisikia.

Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba, ndiyo misimu yake katika longitudo zetu, kwa sababu miezi hiyo jua huzama karibu kwa wakati mmoja kwenye ncha zote mbili za mstari wa uga sumaku. Kwenye ionogramu hali hii haina kificho: badala ya mstari mwembamba unaona wingu la mwangwi lililotapakaa. Watafiti Booker na Wells waliieleza mwaka 1938 kutokana na ionogramu za Huancayo, Peru, mji ulio karibu na ikweta ya sumaku ya huko. Angalia tofauti na kimya cha alfajiri: jioni elektroni bado zipo za kutosha, ila zimechafuka. Kushuka frikwensi kunaweza kusiwe na faida kubwa. Kusubiri hadi povu lipite ndiyo dawa.

La tatu, mkatiko wa mchana, ni jua lenyewe. Mlipuko ukitokea juu yake, mionzi ya eksirei hufika duniani baada ya dakika 8 na kulinenepesha tabaka la D kwa ghafla. Mawimbi hunyonywa kabla hayajafika F, na frikwensi za chini ndizo zinazoumia kwanza. Ionogramu huonyesha mstari ukifutika kuanzia kushoto. Mlipuko ukiwa mkubwa, picha yote hubaki nyeupe. Baada ya nusu saa au saa moja mstari hurudi, kuanzia kulia. Siku kama hiyo unapaswa kupanda frikwensi. Fundi asiyejua chanzo hufanya kinyume, anashuka, anazidi kupotea.

Sasa setilaiti. Hoja yako ina msingi, maana zimeleta mengi. Kipokezi cha GPS cha kisayansi hupima jumla ya elektroni kwenye njia nzima kati yake na setilaiti, na vipokezi hivyo vipo karibu nasi, kama vile Nairobi, Malindi, Mbarara na Kigali. Jumla hiyo ni muhimu sana kwa wapima ardhi na marubani: kila kizio kimoja cha jumla hiyo, ambacho ni elektroni 10,000,000,000,000,000 kwa mita ya mraba, huongeza sentimita 16 kwenye umbali unaosomwa na GPS ya kawaida, na alasiri chini ya lile rundo la kusini, jua likiwa na shughuli nyingi, vizio huweza kuvuka 100. Hayo ni makosa ya mita 16 kama hayakusahihishwa.

Lakini jumla haina kimo. Tabaka linaweza kupanda kutoka kilomita 300 hadi 400 baada ya machweo na jumla ikabadilika kidogo tu, ilhali kupanda huko ndiko kunakotangulia mapovu. Ionosondi huona kupanda huko papo hapo. Vilevile, jumla kubwa yaweza kutokana na tabaka nene lenye kilele cha wastani, au jembamba lenye kilele chenye elektroni nyingi sana. Kwa simu yako ya upepo hayo mawili si sawa, kwa kuwa kinachoamua ni kilele.

Kuna pia setilaiti zinazoitazama ionosfia kwa ubavu, zikipokea mawimbi ya GPS yanayozama nyuma ya upeo wa dunia. Sita za COSMIC-2, zilizorushwa Juni 2019, zinazunguka ukanda wa tropiki, nazo hutoa kimo. Ila hesabu yake ya kawaida hudhani kwamba elektroni zimetandazwa sawasawa katika njia ndefu ya kilomita nyingi sana. Dhana hiyo huvunjika pale pale tulipo, kwenye kingo za rundo, ambako idadi hubadilika sana ndani ya kilomita mia chache. Ndiyo maana matokeo ya setilaiti huhakikiwa kwa kulinganishwa na ionosondi. Ionosondi nayo ina upofu wake: haioni chochote kilicho juu ya kilele cha F2, kwa sababu mawimbi yanayovuka kilele hayarudi. Kuipima sehemu hiyo ya juu kulianza na setilaiti ya Kanada, Alouette 1, mwaka 1962, iliyobeba mtambo wa aina hiyo hiyo ukitazama chini. Vyombo hivi vinategemeana. Hakuna kinachokifukuza kingine kazini.

Kwa nini basi uwe mtandao, si kituo kimoja kizuri? Upimaji wenyewe ni wa zamani. Desemba 1924 wanasayansi Appleton na Barnett waliithibitisha ionosfia Uingereza kwa kutumia mtambo wa BBC wa Bournemouth, na mwaka 1925 Breit na Tuve wa Marekani wakaanza kutumia mapigo, njia ile ile ya leo. Ila miaka ya mwanzo kila kituo kilikuwa peke yake. Mageuzi yalikuja na Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, 1957 hadi 1958, vituo vilipozidi mia moja duniani na kukubaliana kusoma ionogramu kwa kanuni moja na kubadilishana matokeo.

Hilo linakugusa moja kwa moja. Programu za kutabiri mawasiliano ambazo mafundi hupakua leo, VOACAP ikiwemo, hutumia ramani za foF2 zilizochorwa kutokana na vipimo vya ionosondi vya enzi hiyo. Pale ambapo hapakuwa na kituo, baharini na katika sehemu kubwa za Afrika, namba zilijazwa kwa makadirio. Pengo la mtandao wa wakati ule bado limo ndani ya simu yako ya mkononi. Isitoshe, ramani hizo hutoa hali ya kati ya mwezi mzima. Hazijui chochote kuhusu usiku wa leo.

Mtandao wa sasa unaweza kuujua. Vituo vingi vya Digisonde hutuma ionogramu zake kwa GIRO, hifadhi inayoratibiwa Lowell, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuziona dakika chache baada ya kupimwa. Vipimo hivyo huingizwa kwenye kielelezo cha kimataifa cha ionosfia, kiitwacho IRI, na kukisahihisha kulingana na hali ya saa hiyo hiyo. Karibu na kituo usahihisho huwa mzuri. Mbali nacho, kielelezo hurudi kwenye makadirio yake.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Asia ya Kusini-Mashariki, kwa sababu anga yao inafanana na yetu. Taasisi ya NICT ya Japani, pamoja na washirika wake, ilijenga mtandao wa SEALION tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Vituo vyake vitatu viko karibu na longitudo moja: Chumphon, Thailand, jirani na ikweta ya sumaku, Chiang Mai kaskazini, na Kototabang, Sumatra, kusini. Vituo vya Chiang Mai na Kototabang viko karibu na ncha mbili za mstari mmoja wa uga sumaku. Jioni, Chumphon huonyesha tabaka likipanda. Tabaka likiwa juu upande mmoja na chini upande wa pili, wanajua upepo wa anga ya juu unavuma kutoka wapi, na upepo huo una sehemu katika kuzuia au kuruhusu mapovu. Kituo kimoja kingeona tabaka likipanda bila kujua ni umeme uliolipandisha au ni upepo. Vitatu vinajua. Na kwa kuwa mapovu husafiri kuelekea mashariki kwa mita mia moja hivi kwa sekunde, kituo kilicho magharibi huweza kumpa habari aliye mashariki kabla hayajamfikia.

Tazama sasa ramani yetu. Kusini mwa bara, shirika la anga la Afrika Kusini, SANSA, limekuwa na ionosondi Hermanus, Grahamstown ambayo sasa ni Makhanda, Louisvale na Madimbo, na kituo chake cha hali ya anga za juu kiko Hermanus. Ulaya vituo vinakaribiana. Katikati ya bara letu ni haba mno, na hapo ndipo juu yetu pana ionosfia yenye misukosuko kuliko ile ya juu ya London. Addis Ababa, Nairobi na Dodoma zinakaribia kuwa kwenye longitudo moja. Ya kwanza iko kwenye ikweta ya sumaku, ya mwisho chini ya rundo la kusini. Maumbile yametupangia mstari uleule ambao watu wa SEALION walilazimika kuutafuta katika nchi mbili tofauti, na ninaumia kuona unakaa bila mlolongo wa vituo vinavyopima pamoja.

Nitasema pia kinachokwamisha, kwa maoni yangu. Kununua mtambo si sehemu ngumu. Ugumu ni umeme usiokatika, intaneti inayofanya kazi, uwanja ulio mbali na makelele ya inveta na mashine za kuchomelea, kinga ya radi, na juu ya yote fundi aliyeajiriwa ambaye bado yupo mwaka wa kumi. Ionosondi huanza kutoa faida yake kubwa baada ya mzunguko mmoja wa jua, miaka 11 hivi. Kituo kinachopima miezi sita na kunyamaza miwili kinaacha matundu katika jedwali ambayo hakuna hesabu ya kuyaziba. Wanaopanga miradi ya miaka mitatu wangepaswa kuanzia kwenye mshahara wa huyo fundi, kisha ndiyo waagize mtambo.

Wewe unaweza kufanya nini kabla hayo hayajatokea? Ombeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, frikwensi ya pili, karibu na megahertzi 4, kwa ajili ya usiku wa manane hadi macheo. Ikiwezekana pateni na ya tatu, juu ya 7, kwa mchana wa milipuko ya jua. Ila isizidi sana, maana kwa umbali wa Tabora ukomo wa siku dhaifu unaweza kuwa megahertzi 9 au 10. Antena ya usiku iwe waya mlalo usioinuliwa sana, mita 8 hadi 12 hivi, ili nguvu yake iende juu. Jioni za Machi, Aprili, Septemba na Oktoba, panga ujumbe muhimu kabla ya saa mbili usiku.

Halafu kuna njia ya kupima mwenyewe kwa kipokezi tu. Wapenzi wa redio duniani wana mtandao wa mitambo 18 inayopokezana kurusha alama kwenye frikwensi tano, kuanzia megahertzi 14.1 hadi 28.2, kila mmoja ukipata zamu yake mara moja katika kila dakika 3 kwenye kila frikwensi. Wa Kenya una alama ya wito 5Z4B. Hurusha alama yake kwa msimbo wa Morse kwa wati 100, kisha mlio mmoja mrefu kwa nguvu hiyo hiyo, halafu mitatu kwa wati 10, wati 1 na sehemu moja ya kumi ya wati. Kutoka Nairobi hadi kwako ni kilomita 900 hivi, na wimbi hurudishwa juu ya maeneo ya karibu na Shinyanga. Kwa mshazari huo ukomo ni karibu mara 1.8 ya ule wa wima. Ukimsikia 5Z4B kwenye 14.1, basi foF2 juu ya Shinyanga haiko mbali na megahertzi 8 au imezidi, na megahertzi 7 zako zitafika Tabora. Akitoweka usiku ilhali ulikuwa ukimpata jioni, ukomo unashuka, jiandae kuhama. Akisikika lakini milio yake mirefu imekwaruza na kutetemeka, mapovu yameingia. Akitoweka ghafla saa sita mchana pamoja na vituo vyote vya masafa mafupi, ni jua. Kama hujampata siku kadhaa mfululizo hata mchana, huenda mtambo wake hauko hewani; jaribu kumsikiliza ZS6DN wa Afrika Kusini, ingawa hesabu ya umbali wake ni nyingine.

Weka daftari. Andika tarehe, saa kwa UTC, yaani saa ya Afrika Mashariki kwa mtindo wa saa 24 ukitoa tatu, frikwensi, mlio wa mwisho uliousikia kati ya ile minne, na hali ya Tabora muda huo huo. Usiache kuandika siku ambazo hukusikia kitu. Baada ya misimu miwili ya mapovu, yaani kuanzia Machi hadi Oktoba ya mwaka huo huo, niletee nakala yake tuilinganishe na jumla za elektroni zilizopimwa Kigali na Mbarara siku hizo hizo.